Sanduku Alilokalia Baba Njambi

Mume wangu Gachanja ana mdomo ambao haufai kutoka Thika. Hapa Makongeni tumeuzoea. Akimwambia jirani chapati zake ni ngumu, jirani anacheka, kesho yake anamletea nyingine ngumu zaidi. Lakini mwaka huu tuliubeba mdomo huo mpaka Bungoma, kwa athoni, wakwe zetu watarajiwa, na huko ndiko balaa ilikoanzia.

Binti yetu Njambi, yule anayekaa Kahawa Wendani, amepata mchumba anaitwa Tobias. Kijana mpole, anasalimia watu wazima hata akiwa na haraka. Wazazi wake wakatuita kwao tujuane. Mama yake, Nekesa, alitupokea vizuri mpaka nikaona aibu. Alichinja kuku, akasonga ugali, halafu akaleta bakuli dogo lililofunikwa kwa kitambaa, akaliweka mbele ya Gachanja mwenyewe. Ndani kulikuwa na uyoga wa porini. Aliuokota wakati wa mvua ya mwaka jana, akaukausha, akauhifadhi kwa ajili ya wageni wa maana, kisha akaupika kwa njugu za kusaga. Gachanja akaonja, akatafuna, uso ukamchangamka. "Hii ni nyama gani tamu hivi?" Akaambiwa ni uyoga. Akakiweka kijiko chini polepole, akasema, "Haiya! Kwetu hii huliwa na kobe."

Jameni.

Hakuna aliyecheka. Nekesa alilifunika bakuli lake, akalirudisha jikoni, na hakurudi mezani mpaka wakati wa chai. Tobias alitazama viatu vyake. Njambi alinitazama mimi. Tukiwa njiani kurudi sikumwambia Gachanja neno mpaka Eldoret, na kutoka Eldoret sikunyamaza mpaka nyumbani. Unajua alijibu nini? "Lakini Mama Njambi, kwani kobe hali uyoga?"

Wiki chache baadaye ikapangwa wakwe nao waje kwetu, mwezi mmoja na nusu mbele. Njambi akanipigia simu, sauti yake chini. "Mum, Mama Tobias hajasahau. Kila nikimpigia ananiuliza, 'Kobe wa kwenu hajambo?' Anauliza akicheka, lakini anauliza."

Hapo niliogopa kweli. Mtoto akiolewa na neno kama hilo likamtangulia, atalikuta jikoni kila asubuhi. Watalitaja hata kwenye harusi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini mimi nina tambara. Nikaapa kwamba wakwe watakula uyoga nyumbani kwangu, uyoga niliopanda kwa mkono wangu, na huyo mwenye mdomo ataula mbele yao.

Kupanda nilikuwa nimefundishwa kwenye semina ya kikundi chetu cha akina mama, kule Ruiru. Nilichemsha mabua ya ngano kwenye pipa, nikayachuja, nikayaacha yapoe, nikayachanganya na mbegu za uyoga, nikayashindilia ndani ya masanduku matatu makubwa ya plastiki yenye vifuniko. Nikayapanga kwenye chumba alicholala Njambi zamani. Na sheria ilikuwa moja tu: anayegusa ndani anawe kwa sabuni, kisha ajipake spiriti. Mkono mchafu huleta ukungu wa kijani, na ukungu wa kijani ukiingia, mchezo umekwisha. Sheria hiyo niliihubiri kila tukila chakula cha jioni.

Gachanja naye alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesikia mbwa wakibweka mbali. "Na mimi nikitaka kulala nijipake spiriti?" Au asubuhi akipita mlangoni, "Watoto wako wameamkaje? Wamekunywa uji?" Siku moja nilimkuta amesimama kwenye hicho chumba na redio yake mkononi, ananiambia anawatafutia stesheni ya Kikuyu wasisahau lugha. Nilimfukuza na mwiko.

Lakini mambo yalikwenda vizuri. Utando mweupe ulitambaa juu ya mabua taratibu mpaka ukayafunika, kama maziwa yaliyoganda. Nilikuwa nikiinua vifuniko kidogo tu, nachungulia na kufunga, roho inapoa.

Kisha ikafika zamu yangu ya kukaribisha ushirika wa nyumba kwa nyumba wa kanisa letu.

Kiongozi wetu ni Syokau, mama mmoja mwenye mwili mkubwa, imani kubwa, na sauti kubwa kuliko vyote viwili. Tulikuwa tumekunywa chai, tumekula mandazi, vidole vya watu vinang'aa mafuta, ndipo akauliza nani ana ombi. Nami kwa kiherehere changu nikasema niombewe wakwe wanakuja, na niombewe uyoga uote.

"Uyoga uko wapi?" Syokau akauliza.

"Uko hapo chumbani."

"Sasa mbona tuuombee kwa mbali kana kwamba tunaombea serikali? Inukeni, wapendwa!"

Kabla sijapata la kusema, watu wazima kumi na zaidi walikuwa wamejaa kwenye chumba cha Njambi. Kifuniko cha kwanza, wa! Cha pili, wa! Wakaweka mikono. Si kuinyoosha juu, la, waliiweka kabisa, wakaikandamiza, kila mmoja anataka baraka yake iingie ndani. Moyo uliniambia, Waruguru, waambie wakanawe. Lakini niambie wewe, utamwambia nani akanawe wakati ameshafumba macho na anamwita Mungu? Mdomo wangu ukasema, "Amina."

Na Gachanja? Gachanja alikuwa amekalia sanduku la tatu, pale karibu na dirisha, miguu ameikunja moja juu ya nyingine, redio kwenye paja. Sijui hata aliingia saa ngapi.

"Baba Njambi," Syokau akamwambia, "hebu inuka tuliombee na hilo."

"Mguu umekufa ganzi," akasema. "Ombeni tu kupitia kwangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wa Mungu wamesimama nyumbani kwake, na yeye amekaa kitako! Lakini Syokau hakosi njia. Wakamwekea yeye mikono, kichwani na mabegani, wakamwombea kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Akakaa tu, ameinamisha kichwa, hakuinuka mpaka wa mwisho alipotoka. Usiku huo nilimpa ugali na mboga baridi, kwa makusudi.

Siku chache tu kabla ya wakwe kufika, nilifungua sanduku la kwanza nikapiga kelele. Kijani. Na si kijani cha madoadoa, ilikuwa mikono! Viganja vizima, vidole vimetanuka, vimejichora juu ya ule weupe. Kimoja kilikuwa katikati, kipana, na nilikijua mara moja, maana kiganja cha ukubwa ule Makongeni ni cha Syokau peke yake. Nikafungua la pili. Hata huko ushirika mzima ulikuwa umehudhuria.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Sikulilia mabua. Nilimlilia Njambi na lile bakuli lililorudishwa jikoni likiwa limefunikwa. Muda wa kuanza upya haukuwapo.

Gachanja alikuja akasimama mlangoni. Nilimngoja aseme neno lake, na wallahi angelisema, ningemrushia kifuniko. Badala yake alibeba sanduku la kwanza akaenda kulimwaga kwenye shimo la migomba nyuma ya nyumba, akarudi akabeba la pili. Alipomaliza akanawa mikono jikoni. Nikamsikia ananawa kwa muda mrefu. Halafu nikasikia harufu ya spiriti.

"Fungua hilo lingine," akasema, akinionyesha viganja vyake vikiwa juu, vinakauka.

"Nalo limeoza, wacha tu."

"Mama Njambi. Fungua."

Nikafungua. Lilikuwa jeupe, safi, na pembeni mwake uyoga ulikuwa umeanza kuchomoza, vichwa vidogo vidogo vimesongamana. Ngai! Nililitazama sanduku, nikamtazama yeye, nikalitazama sanduku tena.

"Huu mguu wako," nikamuuliza, "kweli ulikuwa umekufa ganzi?"

"Mguu ulikuwa mzima." Akajikuna shingo. "Sasa ningefanyaje? Nimwambie Syokau mikono yake ni michafu? Ningetengwa na kanisa. Lakini kukaa hakukatazwi."

"Kumbe ulikuwa unasikia nikisema?"

"Kila siku unasema. Mtu atakosaje kusikia?"

Nilimpenda siku hiyo, na sioni haya kusema. Mtu amenitania mwezi mzima, kumbe ndiye peke yake aliyeishika sheria yangu. Nilimkaangia mayai, nikamwambia asizoee.

Jumamosi wakwe wakafika. Nilikuwa nimevuna asubuhi, karai limejaa, nikaupika kwa njugu za kusaga kama nilivyoona kule Bungoma. Nikaupakua kwenye bakuli dogo, nikalifunika kwa kitambaa, nikaliweka mbele ya Nekesa. Alifunua bakuli, akainama akanusa. Alionja kidogo, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akaweka mikono mapajani, akamgeukia Gachanja, akamtazama. Njambi akaacha kutafuna. Tobias akarudi kwenye viatu vyake.

Gachanja akajipakulia uyoga, si kidogo, akamega ugali, akala. Alikula bila kuinua uso, bila neno hata moja, na mimi sijawahi kumwona huyo mtu anakula bila maneno. Alimaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka ikang'aa. Ndipo akakohoa.

"Mama Tobias," akasema, "ule wa kwako wa Bungoma niliuacha kwenye bakuli. Nimeuwaza mpaka leo. Nilikosea, mama. Nilikosea sana."

Nekesa alimtazama, nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Kisha akalisukuma bakuli lake mwenyewe upande wangu.

"Mama Njambi," akasema, "hebu mwongezee kobe."

Gachanja akasogeza sahani.