Shamba Lililomfuata Evodia

Februari 1999, Evodia alikuwa Kasense, upande wa Tanzania, akipalilia ulezi wake, robo eka. Mwaka uliotangulia jirani yake Leonardi alimfundisha kulima Kifipa: unafukia majani ndani ya tuta la duara, unayaacha yaoze, msimu ukirudi unalitawanya na kupanda. Maofisa wawili walikuja na gari. Wakamweleza kwa upole kwamba, kwa kuwa alipokimbia vita Kongo alipitia Zambia, hifadhi akaombe huko.

"Palizi imebaki kipande kidogo," alisema Evodia.

"Zambia nako kuna majembe, mama."

Gari lilipoondoka naye, shamba liliondoka nyuma yake. Lilikwenda mwendo wa baiskeli, likipisha malori. Pale lilipotoka Leonardi alifunga mbuzi.

Mpakani, ofisa wa Zambia alisoma barua ya maofisa wale, akasema mtu aliyekwisha kulima Tanzania ni wa Tanzania. Akamrudisha. Shamba nalo likageuka, ingawa kugeuka kulichukua muda, barabara ni nyembamba. Upande wa Tanzania zamu ilikuwa ya Obed, mtu wa fomu.

"Shamba la nani hili?"

"Langu, afande."

"Lina kibali?"

"Halijaomba kazi, afande. Linatafuta jua tu."

Obed alicheka, akafungua daftari. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na mazao yalipita bila maneno. Akaligongea shamba muhuri.

"Ulezi upite. Wewe subiri, mama. Kwenye orodha ya mazao haumo."

Shamba lilikataa kupita peke yake. Likatulia katikati ya vizuizi viwili, madereva wakazoea kulizunguka. Evodia akamalizia palizi. Kila wiki aliomba kurudi Kasense, na kila wiki alielekezwa dirisha la ng'ambo.

Leonardi alimletea chumvi kwa lori la mahindi.

"Dada, wenzako wanahangaika na kiwanja, wewe umepata nchi nzima."

"Nchi yenyewe haina choo, kaka."

Juni alivuna magunia mawili, ulezi mzito, mwekundu. Karani wa kilimo wa Tanzania akaja, akayaandika katika mavuno ya wilaya yake. Karani wa Zambia naye akayaandika katika ya kwake. Wote wawili walikunywa togwa yake na kumsifu kwa mkono mzuri. Kisha, penye nafasi ya mkulima, kila mmoja akaandika: wa nchi jirani.