Boti ya Kumpeleka Taryn

Kapteni Hollis aliponzwa na ahadi ya simu. Alimwambia mjukuu wake Taryn, aliyezaliwa na kukulia New Orleans, kwamba akija kisiwani Utila safari hii watashuka kuzamia wote wawili kwenye matumbawe ya upande wa kaskazini, na kwamba yeye mwenyewe atamshika mkono. Mkewe, Bi Ardith, alikuwa jikoni akikuna nazi. Aliyasikia yote, akaacha kukuna. Maana Kapteni alikuwa amewekewa betri ya moyo, na daktari wa mji wa La Ceiba, huko bara, aliyemwekea alimwambia mambo ya kuzamia basi, tena asithubutu.

Lakini nani wa kumkataza? Karibu kila mwenye boti ya wazamiaji kwenye barabara yetu alipita mikononi mwa mzee huyu. Aliwachukua wakiwa vijana wa kubeba mitungi ya hewa, akawakaripia mpaka wengine wakalia, na somo lake la kwanza halikubadilika. Mgeni mwenye kasoro yoyote, iwe kifua, sikio au pombe ya jana, hashuki majini. Hata akupe nini. Hata akutukane mama. Wanafunzi wakalishika somo hilo vizuri mno, na sasa likamrudia mwenyewe.

Taryn alipofika na kupumzika, mzee alivaa shati la kanisani, akatoka kutafuta boti.

Kwa Wilford alipata uongo. Wilford, jitu zima lenye wajukuu, alimwambia injini imekufa, na injini yenyewe inanguruma gatini nyuma yake. Mzee akamtazama tu. Wilford akajikuna shingo, akasema iliyokufa ni ile nyingine. Hiyo nyingine hakuna mtu Utila aliyewahi kuiona.

Kwa Delsie hakukuwa na uongo. Delsie alimvutia kiti, akamletea kahawa na mkate wa nazi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, Kapteni."

"Hata hujafikiri."

"Nimefikiri tangu siku uliyotoka hospitali. Nilijua utakuja tu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuogelea, wewe. Ulikuwa unang'ang'ania gati kama paka."

"Ndiyo, na nakupenda kuliko baba yangu, maana yule hata sura yake siijui. Ila hushuki na mimi. Taryn nitampeleka, mlete nimwone."

Mzee aliiacha kahawa inafuka moshi, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akimsema peke yake, kwamba ana roho ngumu, kwamba hana shukrani, kwamba hata ule mkate wake ulikuwa mkavu. Haukuwa mkavu.

Mwisho wa barabara yuko Tadeo. Huyu hakufundishwa na Kapteni. Alitoka bara msimu uliopita na boti mpya yenye kivuli, kijana mchangamfu, meno yote nje. Alikubali kabla mzee hajamaliza kueleza. Alisema ni heshima kubwa kwake kupakia jina kama hilo. Habari za kifua hakuuliza. Kapteni akarudi nyumbani akipiga mluzi, akala samaki wa nazi na ndizi sahani mbili, akamtania Taryn kwamba ana nyayo za watu wa lami na samaki watamcheka. Bi Ardith hakucheka. Wakati wa kuondoa sahani alisema tu kwamba yeye angependa kuzeeka na mtu, kisha akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi Taryn aliamka na mafua. Kulala chini ya feni huko, na mwili umechoka na safari. Alipiga chafya wakinywa chai, akapiga tena njiani, na Kapteni alimsikia vizuri sana, akajifanya anaangalia bahari. Tusimfichie. Alikuwa na hamu kubwa ya kwenda.

Gatini, Tadeo alikuwa tayari anagawa vifaa. Taryn akapenga kamasi, akamwuliza kama mafua yake yana tatizo.

"Tatizo gani, mrembo?" Tadeo akasema huku akimvika mtungi mgongoni. "Maji ya chumvi ndiyo dawa. Yatakuzibua mara moja."

Kapteni Hollis alikuwa amevaa pezi moja la kuogelea. La pili likabaki mkononi. Mtu mwenye mafua akishuka chini, hewa haipiti masikioni, na maji yanambana kichwa kama koleo. Zamani alimpandisha mgeni mmoja wa namna hiyo, damu inamtoka sikioni, analia kama mtoto. Akamtazama Tadeo. Lilikuwa tabasamu lile lile la jana, na "ndiyo" ile ile. Jana alipewa yeye, akaifurahia njia nzima. Leo anapewa mtoto huyu.

"Vua," akamwambia Taryn.

"Babu, ni mafua tu."

"Vua mtungi, mama. Hatuendi."

Tadeo aliuliza kosa lake ni lipi. Mzee akamjibu kwamba kosa lake ni kumvika mtungi mtu mwenye mafua, lakini mjinga mkubwa ni mzee aliyemchagua kwa sababu alimkubalia. Akavua pezi lake, akamshika mjukuu wake mkono, wakapanda barabarani.

Walikaa kwenye ukuta wa kanisa, na hapo ndipo alipomwambia habari ya betri. Taryn akaanza kulia, na hayakuwa machozi ya mafua.

"Kwa hiyo ungenifia huko chini? Ulitaka mimi ndiye nikupandishe?"

Hilo hakuwahi kulifikiria. Alikuwa amefikiria mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, basi, picha yake iliishia hapo. Alimwomba msamaha Taryn palepale, mbele ya watu waliokuwa wakipita, na Kapteni Hollis si mtu wa kuomba msamaha.

Delsie aliwapokea bila kusema nilikwambia. Alimchungulia Taryn, akasema bado. Kesho yake akasema bado tena. Bi Ardith akamnywesha mtoto tangawizi na ndimu mpaka akaomba poo, na mzee akashinda dukani kwa Delsie akiwasifia wapita njia lile neno bado, utadhani alilitunga yeye. Kwa kweli alilitunga yeye.

Kichwa kilipofunguka wakatoka. Kapteni alikaza mwenyewe mikanda ya Taryn, akaikagua, akaikagua tena, mpaka Delsie akamwondoa mikono yake taratibu. Taryn akatumbukia, Delsie akamfuata. Mzee akabaki kwenye benchi akifuata mapovu kwa macho, machozi yakimshuka, wala hakuyafuta.

Alipoibuka, Taryn alianza kusema kabla hajaishika ngazi. Kuna ufa mkubwa kwenye matumbawe, na ndani ya ufa kuna mkunga wa kijani, yule samaki kama nyoka, mnene kama paja, ametoa kichwa anawatazama. Delsie, nyuma yake, akafungua mdomo. Ufa ule aliugundua Kapteni, na aliupita mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yake. Mzee akamtikisia Delsie kichwa.

"Ufa gani huo?" akauliza. "Hebu nieleze."

Taryn akaketi ubavuni kwake na nguo mbichi, akamlowesha shati, akaanza upya tangu pale juu, alipoingiza uso majini.