Irabu Moja

Jina lake halikuwamo. Irmgard Tewes alipekua mara mbili kurasa za majaribio za kitabu cha idara zilizotoka kwa mpigachapa, kisha akalikuta kwenye utangulizi, mstari wa mwisho kabisa: Bi Tewes ashukuriwe kwa kupiga taipu.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekifuatilia kitenzi kimoja, kile cha kusaidia, walichokisema mababu wa Wajerumani kabla hawajajua kuandika. Hakuna maandishi yanayokionyesha. Ndiyo maana hutangulizwa kwa kinyota, alama ya neno la kukisiwa. Alikiunga upya kama chungu, kigae kimoja kwa Waingereza wa kale, kingine kwa Wagothi, kingine mbali huko Lithuania. Helpan, kusaidia. Halp, alisaidia. Hulpun, walisaidia.

Alimkuta Profesa Riehl, ambaye jina lake pekee lilikuwa jaladani, ofisini akila keki ya tufaha.

"Profesa, sura ya saba ni yangu."

"Ni ya idara, Bi Tewes."

"Kadi zote ni mwandiko wangu."

"Na shahada yako iko wapi? Nikiweka jina lako watatucheka sote wawili." Akapangusa masharubu. "Hebu zipitie kurasa hizi utafute makosa. Jicho lako halina mfano."

Akapitia. Katika sura ya saba mpigachapa alikuwa ameteleza: halpun, *a* mahali pa *u*. Kalamu nyekundu ilisita juu ya irabu ile. Kisha akafunua ukurasa uliofuata.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Mwezi haukuisha, mhakiki mmoja wa Vienna akamvaa Riehl: hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakosei. Siku hiyo Irmgard alikula akashiba.

Lakini Riehl hakuwa mtu wa kukiri. Aliandika kurasa arobaini za kuitetea ile *a*, akampa azipige taipu. Hoja zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomkata maini. Vienna ikanyamaza.

Majira ya majani kupukutika alipita nje ya ukumbi wa mihadhara, akasikia wanafunzi wakikariri kwa pamoja: helpan, halp, halpun. Akasukuma mlango.

"Hulpun," alisema.

Vichwa vyote vikageuka. Mtu mmoja akacheka kidogo, akajizuia.

"Bi Tewes," Riehl alisema kwa upole, "umetuletea chaki?"

Aliitazama ile irabu ubaoni, nyeupe, kubwa kama kiganja.

Akasema anakwenda kuzileta.