Sauti ya Ntirenganya Kwenye Diski

Nyiramahirwe hakuwa na imani na mashine, na msimlaumu. Mashine aliyoijua ni radio yake ya kaseti, na hiyo radio ilikuwa na tabia za mbwa mwizi: ukiipa kaseti, inatafuna. Ilikwisha kuitafuna mara mbili kaseti pekee aliyokuwa nayo duniani, ambamo marehemu mume wake, Ntirenganya, alikuwa akisifu ng'ombe wake kule Masisi, mmoja mmoja kwa jina. Mwenyewe aliondoka kwa homa, binti yao Igihozo bado anatambaa. Ng'ombe nao waliliwa na wenye bunduki miaka ya vita, mpaka ndama. Picha haikubaki hata moja. Ilibaki sauti tu, kwenye utepe uliojikunja.

Basi hiyo ndiyo hofu iliyomnyima mama wa watu usingizi: Igihozo, sasa msichana wa miaka kumi na tisa, angebaki bila baba hata wa kusikia. Si kwamba binti mwenyewe alijali. Mama akiweka kaseti, yeye anachukua bidoni anaenda kuteka maji. Alisema hayo ni mambo ya ng'ombe, na yeye si ng'ombe. Maneno makali, lakini mtoto asiyemjua baba yake utamwambia nini?

Ulikuwa mwanzo wa mwaka elfu mbili na mbili, waasi ndio serikali, umeme ni wa kubahatisha. Kila asubuhi Nyiramahirwe alitoka mtaani kwake Katoyi, hapa Goma, na kidumu cha maziwa kupelekea wateja wake. Mmoja wao alikuwa Papa Mushagalusa, karani, mtu wa upande wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya parokiani, mwenye nyumba ya mbao mtaa wa Virunga. Huyo alikuwa amenunua kompyuta, sisi Goma tunaiita ordinatere, ili ahifadhi nyimbo za kwaya yake. Siku moja mke wake, Mama Julie, akamwonyesha mama kidude cha duara kinachong'aa, akamwambia humo mna misa nzima, toka wimbo wa kuingia hadi wa kutoka. Nyiramahirwe alikigeuza juu, akakigeuza chini, asione mwanakwaya hata mmoja. Akauliza kama na sauti ya marehemu inaweza kuingia humo. Papa Mushagalusa akacheka, akasema sauti ni sauti, ordinatere haiombi cheti cha kifo.

Kesho yake alifika na kaseti, na Igihozo nyuma yake amebeba radio, amenuna. Papa Mushagalusa akaunga radio na ordinatere kwa waya, akabonyeza, na kwenye kioo vikatokea vilima. Naam, vilima! Ntirenganya akisema, kilima kinapanda. Akivuta pumzi, bonde. Nyiramahirwe alijishika mdomo. Miaka yote alikuwa akimsikia mume wake. Leo alikuwa anamwona anavyopumua. Alinyoosha kidole akagusa bonde moja kwenye kioo, akakirudisha haraka.

Papa Mushagalusa akafunga sauti, akaacha kaseti izunguke mpaka mwisho wake, watu wakaenda kula. Waliporudi ndipo akatia diski tupu, ili agrave, yaani aiandike ile sauti kwenye diski. Hapo nyumba iligeuka kanisa. Alikataza mtu kugusa meza. Alikataza pasi ya umeme. Umeme ukikatika katikati, alisema, diski imekufa, na nyingine hana. Taa ikapepesa, Mama Julie akafanya ishara ya msalaba. Kwenye kioo mstari wa buluu ukawa unajaa polepole, kama maziwa yanavyopanda kwenye kibuyu, na ndani ya mashine kitu kikawa kinavuma.

Nyiramahirwe hata jicho hakupepesa. Alikuwa amezaa, alikuwa ameshika ndama wakizaliwa, alikuwa ameuona mlima wetu wa moto ukiwaka. Lakini sauti ya mtu kuhama utepe, ikapita kwenye waya, ikaenda kukaa kwenye sahani, hilo hakuwahi kuliona. Mashine ikatoa ulimi, diski juu yake. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Shika, mutoto," alimwambia Igihozo kwa sauti ya chini. "Iko na joto kama mutu."

Igihozo aliishika kidogo, akairudisha. Kaseti ilibaki kwa Papa Mushagalusa, aigundishe palipoanza kukatika.

Sasa sikia alichofanya mama. Kwao Masisi kitu cha thamani hakiingii nyumbani kikavu. Mtoto mchanga hupakwa siagi ya ng'ombe, bibi harusi hupakwa, hata chombo cha maziwa hupakwa. Sasa diski, yenye mwenye nyumba ndani yake, iingie hivi hivi kama mtu asiye na wenyewe? Aliipaka siagi pande zote mbili, kwa heshima zote, akaifunga kwenye kitenge kipya. Roho yake ikatulia.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo mlima ukapasuka. Mtu wa Goma hahitaji kusimuliwa, na asiye wa Goma hataelewa: ardhi inatetemeka chini ya miguu, na moto unashuka barabarani taratibu, bila haraka, kama mwenye mji. Wale waasi waliokuwa wakitutisha kila siku tulikimbia nao bega kwa bega. Mlima haukuuliza nani ana cheo. Nyiramahirwe alitoka Katoyi na vitu viwili tu: mkono wa Igihozo, na kile kitenge kifuani. Walitembea mpaka Sake. Jua lilipozama, mbingu ya upande wa Goma ilibaki nyekundu, na wanaume waliokaa kando ya barabara wakavua kofia zao bila kuambiana.

Waliporudi, Katoyi ilikuwa imesimama. Pale mtaani Virunga palipokuwa na nyumba ya Papa Mushagalusa palikuwa na jiwe jeusi linafuka moshi, limepita urefu wa mlango. Ordinatere chini yake, kaseti chini yake. Wenyewe walikuwa wazima, wamefikia kwa ndugu yao mtaa wa Himbi, na ndugu huyo alikuwa na ordinatere na jenereta. Mama alitoa pole, akakaa muda wa heshima, kisha akafungua kitenge.

Mashine iliimeza diski, ikanung'unika, ikaitema. Mara ya pili, vilevile. Papa Mushagalusa akaitoa, akainusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Siagi," akajibu. "Ya Masisi, safi."

Papa Mushagalusa alikaa chini. Alimweleza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioumiza: mashine inasoma kwa mwanga, mwanga haupiti kwenye mafuta, na mafuta haya yamekwisha kunasa vumbi la mlima, lenye makali ya kukwaruza. Nyiramahirwe akaanza kulia mbele za watu. Alisema moto ulikuwa umemwachia Ntirenganya, na ni mkono wake mwenyewe uliomuua mara ya pili. Igihozo alimshika mama yake bega.

Mama Julie aliinuka. Alitia maji ya vuguvugu na sabuni kwenye beseni, akaiogesha ile diski kama unavyoogesha kichanga, bila kusugua, akailaza kwenye shati laini la mumewe mpaka ikakauka. Akairudisha kwenye mashine.

Ikavuma. Ikanyamaza. Kisha Ntirenganya akakohoa, kama kawaida yake kabla ya kuanza.

Alisifu ng'ombe wake wote. Ardhi ilitikisika tena kidogo, vikombe vikalia mezani, hakuna aliyesogea. Alipomtaja wa mwisho, Nyiramahirwe akanyoosha mkono azime. Siku zote alizima hapo, betri ni ghali. Papa Mushagalusa akamzuia, akamwambia hapa hakuna betri ya kuokoa, aache iende.

Ikaenda. Kimya. Kwato zikipita. Halafu mtoto akalia, karibu kabisa, na ile sauti kubwa ya kusifia ng'ombe ikashuka, ikawa ndogo, ya ndani ya nyumba:

"Igihozo. Igihozo wangu, usilie. Njoo kwa baba."

Kwao mtoto aliyelelewa, akiitwa na mzazi, hajibu "nini". Hujibu "karame", yaani uishi miaka mingi. Igihozo alikuwa ameegemea mlango. Alisimama wima, msichana mzima, machozi yakimtiririka.

"Karame, papa," akaitika.

Na kwenye diski mtoto akanyamaza.