Pete ya Ndama

Kaka yake fundi aliweka uzi juu ya meza ya kazi, akausukuma mbele kwa kidole kama kitu kinachochafua. Ulikuwa uzi wa kushonea magunia, wenye mafundo mawili.

"Pete," alisema. "Na mnyororo wa kufika dirishani. Ni ya ndama."

Fundi alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani myeusi. Hakuhitaji kupima nafasi iliyokuwa kati ya mafundo yale. Ndama mwenye mguu mwembamba kiasi kile angekuwa bado hajazaliwa.

"Ndama wa nani?"

"Kwani wewe umeanza lini kuuliza?"

Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilimchoma. Miaka yote tangu afungue karakana kando ya barabara, watu walimletea nyuzi. Mchoma matofali, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku, alitaka pete ya ndama. Mwalimu mstaafu alitaka mbili. Mke wa msaga nafaka alitaka iliyozungushiwa kitambaa kwa ndani, kwa kuwa ndama wao, alisema huku akitazama pembeni, ana ngozi laini. Hakuna aliyetaka kufuli. Mwenye ufunguo huja akaingiwa na huruma. Walitaka msumari mnene uliopondwa kichwa, basi. Kila mmoja alinong'ona kana kwamba jambo hilo halijampata mtu mwingine duniani, naye fundi alilainisha kingo kwa tupa, akapokea ujira, akajiona mtu wa kutunza siri.

Sasa uzi ulikuwa umepimwa kwenye mguu wa binti yake.

Binti ndiye aliyekuwa akipaka rangi mageti. La mwisho lilikuwa bado limeegemea ukuta, nusu kijani, nusu kutu. Siku alipoliacha katikati alimwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba redio ya jirani inasoma mawazo yake kabla hajayamaliza. Tangu hapo usingizi ukampaa, akakataa chakula cha mama yake, na juzi alikutwa barabarani akiwasihi madereva wamtaje kwa sauti ya chini. Hakuwa amemgusa mtu.

Fundi alimpeleka zahanati. Mganga aliwasikiliza kwa adabu, akasema ugonjwa huo hutibika, hasa ukiwahiwa, ila dawa zake pale hazipo. Vijijini ni nadra, alieleza. Tangu ahamie hapo hajaletewa mgonjwa wa namna hiyo, na dawa haziagizwi kwa ajili ya mtu mmoja. Hakuwa mwongo. Alisema alichokiona.

"Wakwe wa mwanangu wanakuja Jumamosi," kaka yake aliendelea. "Wakimwona huyu, posa imekufa. Ni siku chache tu. Hata mama yake amekubali."

"Amesemaje?"

"Amelia. Anayelia amekubali."

"Na mguu ulimpima lini?"

"Alipopitiwa na usingizi kidogo." Kisha akaongeza, kama mtu anayetarajia ashukuriwe, "Nilimpima taratibu."

"Anakuita baba mkubwa."

"Ndiyo maana nilimpima taratibu."

Hasira ilimpanda fundi, lakini haikutua kwa kaka yake. Alipita nyumba kwa nyumba kichwani, kuanzia kwa mchoma matofali, na vidole vya mikono yote miwili vikaisha kabla hajafika mtoni. Nadra. Unadra ule ulikuwa umetengenezwa hapa, juu ya meza hii, na ulikuwa umelipiwa.

Akaukata uzi katikati ya mafundo. Akatungua msumeno wa chuma ukutani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa msaga nafaka. Kuangalia ndama."

"Watakuchukia hao mpaka unaingia kaburini."

Fundi alikuwa ameshatoka.

Mke wa msaga nafaka alimkuta kwenye mlango wa nyuma, mikono imejaa unga. Msumeno aliuona kabla ya uso wake.

"Mama, kesho nampeleka tena binti yangu zahanati," fundi alisema. "Mganga anasema yuko peke yake."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

Mama yule alijifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena ilipokuwa imeshatakata. Kisha akasogea pembeni, akamwachia njia.

Chumba kilinukia magunia. Kijana aliyekuwa ameketi sakafuni, mwenye ndevu ambazo fundi hakuzijua, aliunyoosha mguu wake bila kuombwa. Kitambaa kilikuwa kimekwisha siku nyingi.

Msumeno uliteleza, ukateleza tena. Kiungo cha pete kilikuwa laini, bila mwanya hata wa wembe. Kijana aliinama kutazama, kwa makini, kama mnunuzi.

"Imara hii," alisema.

Fundi alibadilisha mkono, akaendelea kukata.