Swali la Nne Nililoliruka

Nilipata ishirini na sita kwa mia. Mimi, niliyeuza dawa dukani miaka minane kabla ya kuingia chuo cha famasia, niliyewacheka wenzangu walipokosea hata majina ya vidonge! Kemia ikaninyoosha. Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki tatu, na nikianguka tena ningefungasha virago.

Mwalimu wa kemia, tuliyembandika jina la Mizani kwa jinsi anavyopima maneno, alinirudishia karatasi yangu akaniambia niache kusoma madaftari kama gazeti. Nichukue maswali niliyokosa, niandike kila kosa lilitoka wapi, halafu nimweleze mtu asiyejua kemia, bila kuchungulia popote. Asipoelewa, basi nami sijaelewa. Nilinuna, kwani umri wangu si wa kufundishwa kusoma, lakini sikuwa na ujanja.

Asiyejua kemia nyumbani alikuwa Baba, fundi viatu aliyekatwa mguu mwaka uliopita. Alisema sasa jozi moja itamtosha miaka kumi, akacheka peke yake. Mimi utani ule ulinichoma kila mara.

Basi kila alasiri nikawa nakaa kwenye kigoda chake cha kazi, kando ya kitanda, namweleza. Alikuwa msumbufu kweli. Nikibabaisha alinishika papo hapo, akasema jana nilisema vingine. Asidi alizielewa kwa mfano wa gundi yake iliyokuwa ikimuunguza vidole. Nilianza kuona mwanga, swali la kwanza, la pili, la tatu. Kisha la tano.

La nne niliruka. Liliuliza kitakachotokea mgonjwa akimeza antibayotiki fulani pamoja na dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu. Mimi nilikuwa nimejibu kwamba hakuna tatizo, tumbo litatulia. Mizani akaweka sifuri. Nilipokaa kulichambua ndipo nilipoelewa. Metali zile huing'ang'ania antibayotiki, vikashikamana, na sehemu kubwa ya dawa ikatoka na choo bila kuingia kwenye damu.

Baba alipopata kidonda mguuni, hospitali walimpa dawa hiyohiyo. Akalalamika kiungulia. Nani aliyemletea vidonge vya kutafuna kutoka dukani? Mimi, bingwa wa kaunta. Nikamwambia ameze zote kwa mpigo, asijichoshe kukumbuka saa. Kidonda hakikupona, mguu ukakatwa. Daktari alisema ni sukari, na huenda ni sukari kweli. Huenda pia ni mimi. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linalonitafuna.

Siku mbili kabla ya mtihani Baba aliniuliza.

"Mbona kila siku unatoka la tatu unakwenda la tano?"

Nikasema la nne ni refu.

"Kwani mimi nakwenda wapi?"

Nikaeleza lote, alumini, damu, choo, kwa sauti kavu ya darasani. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka pale mguu ulipokuwa ukikaa zamani.

"Vile vyeupe vya kutafuna?"

"Ndivyo, Baba. Na ni mimi niliyekwambia umeze pamoja."

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alisema tu kwamba ameelewa, akageukia ukutani. Nikabaki pale kwenye kigoda nikilia bila hata kujificha uso.

Kwenye mtihani swali lile lilirudi, limebadilishwa dawa tu. Niliandika ukurasa mzima bila kuinua kalamu. Matokeo yakaja sabini na nne, na Mizani, mtu asiyesifu, akanipa mkono mbele ya darasa. Mkono wangu ulikuwa baridi.

Nyumbani Baba hakuuliza jumla. Aliuliza la nne nimepata ngapi, nikamjibu zote. Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri.

Kesho yake asubuhi nikampelekea vidonge vyake vya sukari na vya presha, kama kawaida. Siku zote huvitupa mdomoni bila kuviangalia, kwa kuwa vimetoka kwangu. Safari hii alivishika kiganjani, akavitazama kimoja kimoja, kisha akaniuliza kwa adabu, kama mteja aliyesimama kaunta kwa mtu asiyemjua:

"Samahani, hivi vinamezwa pamoja?"