Mpunga wa Kando ya Mabati

Baba mkwe alishapima kwa macho mahali pa kuchimba bwawa lake la samaki: katikati ya jaruba langu la mpunga.

"Msimu uliopita tulivuna makapi," alisema. "Huu nao ukigoma, mama, nachimba."

Mimi nishindwe na samaki ambao hata hawajazaliwa? Thubutu! Mpunga ulipodumaa na majani kuota madoa ya kutu, niliupa mbolea ya kupandia. Ukanuna. Nikaongeza. Kadiri nilivyoulisha ndivyo ulivyozidi kunisusia. Roho iliniuma sana, maana jaruba lile ndilo kitu pekee nilichokabidhiwa katika ukoo ule nikaambiwa ni changu.

Hasira zikamwishia mume wangu, aliyezungushia upande mmoja mabati chakavu ili kuzuia bata.

"Umeliharibu sura shamba langu!"

"Bata hawajali sura," alijibu, akaendelea kupigilia misumari.

Bibi shamba alipokuja kukagua, alikwenda moja kwa moja kwenye mabati. Pale kando, mpunga ulikuwa umesimama kijani, umenenepa, mstari mzima. Nilishauona zamani, ila nilinyamaza nisimpe mume wangu la kuringia.

"Haya mabati yamepakwa zinki," alisema akiyagonga kwa kidole. "Mvua inaichuruzisha udongoni kidogo kidogo. Mpunga wako una njaa ya zinki, dada, na hiyo mbolea unayoimwaga ndiyo inazidi kuunyima. Iache. Weka unga wa zinki, kiduchu tu."

"Kiduchu kiasi gani?"

"Mumeo ndiye apime. Wewe ukishika kopo hujui kuacha."

Mume wangu alipima huku akipiga mluzi.

Majani yalirudia rangi yake, masuke yakainama kwa uzito. Mashineni mchele ulitoka mrefu, mzima, chenga za kutafuta. Nikaupika siku ileile. Baba mkwe alikula, akaongeza sahani, akafuta mdomo.

"Wali huu," alisema hatimaye, "unataka samaki."

"Sokoni wapo, baba."

Akacheka hadi akapaliwa. Alipopata pumzi akanyoosha kidole nyuma ya mlango, lilikoegemezwa jembe jipya alilonunua kwa ajili ya bwawa.

"Lichukue, mama. Ukalimie jaruba lako."